Kuuza Hiace Uliyoigeuza Chumba cha Kulala

Anayeuza Hiace ya kawaida Dar es Salaam hana kazi kubwa. Anapiga picha nne, anampigia dalali, na kabla ya wiki kuisha simu zinaanza kuingia, kwa sababu kila mnunuzi anaijua gari hiyo, spea zake zinapatikana wapi na injini yake inakunywa kiasi gani. Aliyeing'oa viti, akaweka kitanda, kabati, jiko la gesi, betri ya pili na sola juu ya paa, anauza kitu kingine kabisa. Wanaokitaka ni wachache, hakuna bei ya sokoni ya kujilinganisha nayo, na nusu ya thamani yake imefunikwa nyuma ya plaiwudi. Hapo ndipo biashara hii hukwama. Mnunuzi hajui kama nyuma ya ubao ule uliopigwa vanishi kuna nyaya zilizofungwa vizuri au kuna kutu na viota vya panya. Asipojua, anadhania mabaya, na bei anaikata kwa kadiri ya mabaya aliyoyadhania.

Karibu kila ninachoshauri hapa kinatokana na jambo hilo. Muuzaji wa gari la kulalia anapaswa kukitoa hadharani kilichofunikwa, hata pale ambapo kufanya hivyo kunapunguza bei. Mnunuzi aliyeona kila kitu hujadili bei ya gari alilonalo mbele yake. Aliyegundua mwenyewe kitu kimoja ulichonyamazia huanza kujadili bei ya yale ambayo bado hajayagundua, na hayo hayana mwisho.

Bei yenyewe ndiyo wengi wanayoianza vibaya. Mtu hukaa na risiti zake, akajumlisha gari, mbao, seremala, fundi umeme, betri, godoro na pazia, kisha akaongeza kidogo kwa ajili ya jasho lake. Hesabu hiyo ni sahihi kwake tu. Mnunuzi hakuwepo wakati wa jasho hilo, na huenda asiipende hata rangi ya kabati. Gawa thamani ya gari mafungu matatu na kila fungu ulipigie hesabu peke yake.

Fungu la kwanza ni gari tupu. Tafuta Hiace za mwaka kama wako, injini kama yako na kilomita zinazokaribiana, zinauzwa kiasi gani zikiwa na viti vyake. Wanunuzi wetu wanatazama pia herufi ya namba ya usajili, maana namba D na namba E hazipati bei moja hata kama gari zimetengenezwa mwaka uleule. Hii ndiyo sakafu yako. Fungu la pili ni vitu vinavyong'oka: betri ya ziada, sola, inveta, friji ya volti 12, mtungi wa gesi, jiko. Vina soko lake, na anayevitaka atavinunua hata bila gari. Vikiwa vya miaka miwili au chini ya hapo na vinafanya kazi, mimi huvipigia nusu ya bei ya dukani, isipokuwa betri ya asidi ya kawaida ambayo baada ya miaka mitatu huwa siihesabu kabisa. Fungu la tatu ni vilivyojengwa humo: kitanda, makabati, sakafu, ubao wa ukutani. Hivi havina soko popote pale nje ya gari hilo. Vikiwa vimetengenezwa vizuri vinaweza kukurudishia theluthi ya gharama. Vikiwa vimelegea, vinalia njiani na vimevimba kwa maji, thamani yake ni chini ya sifuri, kwa kuwa mnunuzi atamlipa mtu avitoe.

Tuseme gari tupu lingeuzwa milioni 28. Vifaa vilivyokugharimu milioni 3 vinabaki na thamani ya milioni moja na nusu, na useremala wa milioni 4 unabaki na milioni moja na laki mbili au tatu. Bei ya haki inazunguka kwenye milioni 30 na laki saba. Ukitangaza milioni 32 unajiachia nafasi ya kujadiliana. Ukitangaza 38 kwa sababu ndizo ulizotumia, utapokea meseji nyingi za kuulizia na hakuna atakayekuja kuliona gari.

Katika hesabu hiyo kuna kitu kidogo kinachobadilisha mambo mengi: viti vya asili. Ukiwa navyo stoo, pamoja na bolti zake na mikanda, unauza gari linaloweza kurudi kuwa Hiace ya kawaida kwa kazi ya siku moja au mbili. Hata mnunuzi asiyepanga kuvirudisha hulipa kwa utulivu wa kujua kwamba inawezekana. Kama uliviuza, nenda Gerezani au Ilala ujue bei ya seti iliyotumika kabla hujaanza kujadiliana na mtu, kwa sababu swali hilo litakuja. Na kama bado uko kwenye hatua ya kung'oa, usimwachie fundi viti hivyo kama sehemu ya malipo yake, hata akikubembeleza.

Upo wakati wa kuuza bila kitanda kabisa. Dalali atakwambia mapema, "Kaka, toa makorokoro hayo gari litoke," na mara nyingine ana hoja. Kama kazi ya ndani ni mbovu, kama sakafu imeoza pembeni, kama umeme ulifungwa na fundi wa nyumba kwa waya wa nyumba, vua kila kitu, vifaa uviuze kimoja kimoja, rudisha viti na uuze Hiace. Utapata pesa nyingi zaidi na usingizi mwingi zaidi. Lakini dalali huyo huyo hupenda gari linalotoka haraka ili akamate chake, hivyo maneno yake yapime kwa kazi iliyomo ndani ya gari lako, usiyapime kwa haraka yake.

Gari likibaki la kulalia, fikiria nani atalitaka. Kariakoo huwezi kumpata. Wanunuzi wa kweli ni familia za Arusha na Moshi zinazopenda kwenda mbugani bila kulipia loji, wageni wanaofanya kazi nchini kwa mkataba wa miaka miwili mitatu, watafiti wanaolala maporini, wapiga picha, na siku hizi vijana wanaotaka gari la kuuzia kahawa na vitafunwa ambao wanaangalia sola na sehemu ya kuoshea vyombo wala hawajali kitanda. Wageni wengi huja na kuondoka kwa kalenda ya shule na mikataba, na likizo ndefu za watoto wetu ni Juni na Desemba. Ukitangaza mwishoni mwa masika, mwezi Mei, unawakuta watu wakianza kupanga safari za kiangazi. Kuna faida nyingine ya Mei: gari limetoka kunyeshewa miezi mitatu, na kama paa halikuvuja unaweza kulisema hilo kwa ujasiri.

Maji ndiyo hoja ya kwanza ninayotaka ushughulike nayo kabla ya kupiga picha hata moja. Kila tundu ulilotoboa kwenye paa, la feni au la bolti za sola, ni mlango wa kutu. Jaribio lake ni jepesi. Weka karatasi za gazeti kwenye pembe zote za ndani, chini ya madirisha na kuzunguka feni, kisha mwagia paa maji ya bomba kwa robo saa, kwanza gari likiwa sawa, halafu likiwa limeinama mbele, halafu nyuma. Gazeti lililolowa litakuonyesha. Fungua pia ubao mmoja wa ukutani, ule ulio chini ya dirisha, utazame bati. Pwani, Dar, Tanga na Bagamoyo, hewa yenyewe ina chumvi, na pumzi za watu wawili waliolala usiku kucha hugandia kwenye bati nyuma ya sponji na kubaki huko. Ukikuta kutu ya juu juu, ikwangue, ipake rangi ya kuzuia kutu, upige picha kabla na baada. Ubao huo usiurudishe kwa gundi. Urudishe kwa skrubu, ili mnunuzi akitaka kuchungulia umfungulie mbele yake. Sijui kitendo kingine kinachouza gari la namna hii haraka kuliko muuzaji kuchukua bisibisi mwenyewe bila kuombwa.

Kama ulipiga picha wakati wa ujenzi, kabla kuta hazijafunikwa, hizo ni mali. Zichapishe. Ziweke kwenye daftari pamoja na mchoro wa nyaya, hata uwe umechorwa kwa kalamu ya wino, ukionyesha kila fyuzi inalinda nini na kila swichi inawasha nini. Ongeza risiti za betri na sola zenye tarehe, jina la aina ya mbao, unene wake, na tarehe za kubadilisha oili. Asiye na picha za ujenzi anaweza kutengeneza daftari hilo sasa, akifungua sehemu tatu nne za ukuta na kupiga.

Umeme unastahili pesa yako kuliko pazia jipya. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni waya wa nyumba, ule wenye uzi mmoja mgumu wa shaba ndani, umetumika kwenye gari. Ukutani unakaa miaka thelathini. Garini unatikiswa kila siku kwenye matuta na barabara za vumbi mpaka unakatika ndani ya ganda lake, unapata moto, na ubao uko pembeni yake. Waya wa gari ni ule wa nyuzi nyingi laini, na unene wake hufuata mzigo unaoubebesha na urefu wa njia yake. Kosa la pili ni betri ya ziada isiyo na fyuzi karibu na kichwa cha chanya. Vitu hivi virekebishe kabla ya kuuza, kwa sababu mbili: fundi wa mnunuzi ataviona ndani ya dakika tano, na humuuzii mtu atakayelala humo na watoto wake kitu ambacho wewe mwenyewe unajua kinaweza kuwaka.

Uwezo wa betri usiueleze kwa maneno ya "inakaa vizuri tu". Pima. Washa friji jioni jua likizama, andika volti, kisha andika tena alfajiri kabla sola haijaanza kuchaji. Betri ya asidi yenye volti 12 ikipumzika imejaa husoma karibu 12.7, na ikifika karibu 12.1 imebakiza kama nusu, ambako haifai kushushwa zaidi mara kwa mara. Betri ya lithiamu haisomeki kwa kipimo hicho, maana volti zake hubaki karibu palepale mpaka inapokaribia kwisha, hivyo kwake sema friji ilifanya kazi saa ngapi. Tarakimu mbili za namna hiyo zina nguvu kuliko sifa za ukurasa mzima.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa sakafuni na kujikusanya chini ya kitanda, mahali mtu anapoweka kichwa. Mtungi, hata ule mdogo wa kilo 6, uwe kwenye sanduku lake lililozibwa upande wa ndani na lenye tundu la chini linalotokea nje ya gari. Kama hukujenga hivyo, toa jiko la ndani, uza gari na jiko la kubeba linalotumika nje mlango ukiwa wazi, na useme hivyo kwenye tangazo. Mpira wa gesi uliopasuka badilisha, kisha paka maungio maji ya sabuni mbele ya mnunuzi aone kama yanatoa mapovu.

Uzito watu wengi huusahau kwa sababu hauonekani kwenye picha. Karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 18 ina uzito wa kilo thelathini na kitu, na MDF inazidi hapo. Ongeza maji, lita moja ni kilo moja, halafu betri, halafu vyombo. Springi za nyuma za Hiace ni za sahani na zinavumilia, lakini zikilala gari linanyanyua pua na taa zinamulika juu ya miti. Lipeleke likapimwe kwenye mizani ya ghala la nafaka au ya wanunuzi wa chuma chakavu, kilo ziandike, uzilinganishe na uzito wa juu ulioandikwa kwenye kadi. Likizidi, punguza. Likiwa chini, hiyo ni hoja yako nyingine ya kuuzia.

Vya gari lenyewe nitavipita haraka kwa sababu kila fundi anavijua. Dizeli za familia ya KD zina mkanda wa taimingi, na swali la kwanza litakuwa ulibadilishwa lini. Petroli za TR zina cheni. Kwenye 1KD, nozeli na washa zake za shaba ni ugonjwa unaojulikana, kwa hiyo risiti ya nozeli iweke juu ya daftari. Injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele: hakikisha kabati uliyoijenga nyuma ya kiti cha dereva haikizuii kuinuka, maana fundi akilazimika kufungua kabati ili kupima oili, bei inashuka hapo hapo. Hakikisha pia tairi la akiba linashuka na halijazuiwa na tangi la maji. Halafu kumbuka kwamba gari la kulalia husimama sana. Tairi zake zinaweza kuwa na kashata nzuri lakini zimezeeka; tarakimu nne za ubavuni husema zilitengenezwa wiki ya ngapi ya mwaka gani, 2319 ikiwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, na wanunuzi wamejifunza kuzisoma. Breki zinakamata, betri ya injini inakufa, panya wanatafuna nyaya. Liendeshe wiki mbili kabla ya kulionyesha.

Maji ya kunywa na kuoshea yana mjadala wake. Kuna wanaojivunia tangi la lita 80 lililojengewa ndani. Mimi, ningekuwa nanunua, ningechagua madumu mawili ya lita 20 na pampu ndogo. Dumu unalitoa, unalisugua, unaliona limetakata. Tangi lililofungwa hulioni ndani, na likikaa miezi bila kutumika linaota ukijani. Ukiwa na tangi, lisafishe kwa maji yenye klorini na uoneshe mahali mkono unapoingia.

Kitu kimoja ambacho mnunuzi wa hapa kwetu atauliza kabla ya friji ni nyavu za mbu. Dirisha lisilofunguka usiku kwa sababu ya mbu linafanya gari zima kuwa tanuri, na anayeishi Dar hana haja ya sponji nene ya kuzuia baridi, anataka upepo. Wa Iringa na Njombe atataka kinyume chake. Nyavu zilizochanika zibadilishe, ni gharama ndogo.

Sasa karatasi. Chukua kadi ya gari ukae nayo mbele ya gari, usome mstari kwa mstari: namba ya chesisi, namba ya injini, rangi, idadi ya viti, aina ya matumizi, jina. Hiace nyingi zilizogeuzwa zilianza maisha zikiwa daladala, na baadhi bado zina namba nyeupe za biashara wakati mwenyewe analitumia kwa matembezi. Mnunuzi anayelitaka kwa familia anataka namba za njano, na kubadilisha matumizi ni kazi ya TRA unayoweza kuimaliza wewe kabla hujatangaza. Ulipaka rangi ya kijani gari lililosajiliwa jeupe? Ulibadilisha injini? Kadi ifuate gari. Tofauti hizi askari wa barabarani atazikuta, na mnunuzi mwenye akili atazikuta kabla ya askari.

Angalia madeni yanayofuata namba ya gari: faini za trafiki na ushuru wa maegesho. Lipa, chapisha uthibitisho. Kama gari lina usajili wa Zanzibar na mnunuzi yuko Bara, mwambie mapema aulize forodha kuhusu ushuru wa kulivusha, asije akalijua hilo baada ya kulipa. Na ukiletewa na mtalii gari la kigeni lililoingia nchini kwa hati ya muda ya forodha, ukaambiwa ni bei ya kutupa, jua kwamba gari hilo halihamishiki kwa mtu wa hapa mpaka ushuru ulipwe. Bei ya kutupa imetokana na hapo.

Tangazo liwe refu kidogo kuliko desturi na liwe na tarakimu. Hili hapa linaweza kukusaidia kama kiolezo:

"Toyota Hiace 2007, dizeli 1KD lita 3.0, manyuali, kilomita 214,000. Kadi ina jina langu, namba za njano, haina deni. Safarini inabeba watu watatu, wote mbele kwenye mikanda. Kitanda sentimita 188 kwa 120. Sola wati 200, betri ya lithiamu Ah 100 ya mwaka 2023 yenye risiti, friji lita 40 inayofanya kazi usiku kucha. Jiko la plati mbili, mtungi kilo 6 kwenye sanduku lenye tundu la nje. Nyavu za mbu madirisha yote. Kasoro: kutu kwenye ukingo wa mlango wa nyuma, kiyoyozi cha nyuma hakipozi, plastiki ya dari ina mkwaruzo. Nozeli zilibadilishwa 2024. Viti vya asili vipo na vinakwenda na gari. Daftari la picha za ujenzi na mchoro wa umeme lipo. Gari liko Moshi. Milioni 32, maelewano yapo baada ya kuliona."

Zingatia ile sentensi ya watu watatu. Benchi ulilojenga nyuma, lisilo na mkanda wala nanga kwenye chesisi, si kiti cha safari, na usimwambie mtu kwamba gari linabeba wanane. Zingatia pia urefu wa kitanda. Hiace nyembamba ina upana wa nje wa milimita 1,695, ndani unabaki mita moja na nusu hivi, na mtu mrefu hawezi kulala akikingama. Mnunuzi wa futi sita ni bora ajue akiwa bado nyumbani kwake.

Picha zianze nje: pembe nne, asubuhi au jioni, gari likiwa limeoshwa. Halafu injini, chini ya gari, sakafu, ndani ya kabati la umeme milango ikiwa wazi, dashibodi ikionyesha kilomita. Hizo picha za miguu ikining'inia mlango wa nyuma na jua likizama Ziwa Manyara ni nzuri, weka moja. Video ya dakika moja, bomba likitoa maji, taa zikiwaka na injini ikiwashwa baridi, huondoa maswali mengi. Kabla ya yote hayo toa godoro juani siku nzima, osha foronya, futa makabati kwa siki. Wewe umeizoea harufu ya dagaa waliokaangwa humo mwaka jana. Mgeni ataisikia akifungua mlango.

Meseji ya kwanza itakuwa "Bei ya mwisho?" kutoka kwa mtu ambaye hajasoma tangazo. Jibu kwa upole kwamba bei ya mwisho anaipata aliyeliona gari, kisha muulize lini atakuja. Anayekuja, mpokee mchana, injini ikiwa baridi, mahali penye watu. Akija na fundi wake, furahi. Fundi amelipwa ili atafute kasoro na lazima atapata kitu cha kusema, kwa hiyo yale uliyokwisha kuyaandika kwenye tangazo mkumbushe kwamba bei imeshayazingatia. Jipya la kweli akilikuta, likubali na upunguze kwa gharama ya matengenezo, tena kwa bei ya fundi mnayemkubali wote wawili. Kuliendesha, nenda naye, baada ya kuiona leseni yake. Dalali akiingia katikati, mkubaliane kamisheni kwa maandishi na bei unayoitaka mkononi, maana cha juu anachokiongeza kwa mnunuzi ndicho kinachowafukuza wengine.

Mkataba wa mauziano uandikwe hata kama mnunuzi ni shemeji yako. Majina, namba za NIDA na TIN, namba za chesisi na injini, kilomita, bei, namna ya kulipa, na orodha ya kila kifaa kinachobaki garini, kuanzia betri hadi sufuria. Ugomvi wa baada ya mauzo ya magari haya mara nyingi ni wa vifaa: mnunuzi alidhani feni ya mezani inabaki, muuzaji akaichukua. Kasoro ulizozitaja ziandikwe humo pia. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na maneno ya "limeuzwa kama lilivyo" hayakulindi kama uliandika wati 200 na paa lina wati 100. Tarehe ya makabidhiano iwe na saa yake, kwa sababu faini ya saa kumi jioni inaweza kuwa ya mwingine.

Pesa nyingi kiasi hicho zipite benki. Kwa TISS, mfumo wa malipo kati ya benki, huingia siku hiyohiyo zikitumwa mapema, na wewe subiri uone salio kwenye akaunti yako, si picha ya risiti kwenye simu ya mnunuzi wala meseji inayofanana na ya benki. Ufunguo wa pili na kadi hubaki kwako mpaka hapo.

Halafu nendeni TRA pamoja. Desturi ya kuuza gari na kumwachia mnunuzi kadi yenye jina lako, "nitabadilisha mwenyewe wiki ijayo," imewaponza watu wengi: gari likigonga mtu Singida, polisi wataanza na jina lililo kwenye kadi. Kama mnunuzi hana pesa ya ushuru wa stempu na ada ya kuhamisha, ipunguzeni kwenye bei mkiwa pale na mlipe wote wawili. Ijulishe pia kampuni ya bima kwamba gari limeuzwa, na mnunuzi achukue bima yake siku hiyo kabla hajaingia barabarani.

Makabidhiano yenyewe yatengee saa mbili. Mwonyeshe swichi kuu ya umeme iko wapi, fyuzi za akiba, namna ya kukunja kitanda bila kubana vidole, jinsi ya kumwaga maji machafu, lile dirisha linalotaka kusukumwa kidogo kabla ya kufunguka. Mpe daftari. Baki na nakala ya mkataba na stakabadhi ya TRA, na simu yake ukiiona inaita mwezi wa kwanza, ipokee. Mara nyingi anauliza tu kwa nini pampu imenyamaza, na jibu huwa ni fyuzi ya tatu kutoka kushoto.